Shajara ya kiwanja chetu cha ndege: kutoka mita 950 hadi 1,010

Wiki ya 1

Nimekabidhiwa funguo mbili. Moja ni ya kibanda cha zana, nyingine ni ya geti ambalo halina uzio kushoto wala kulia. Nyuma ya geti hilo kuna mita 950 za changarawe iliyochimbika, nyasi za kufika kiunoni, na nguzo ya chuma iliyowahi kuning'iniza kitu fulani. Kiwanja ni cha umma. Hakina safari za ratiba na hatukusudii kiwe nazo. Wanaokitumia ni ndege ndogo: ya daktari, ya wapima ramani, ya wanafunzi wa urubani, ya mtu mwenye haraka zake. Kwa gari, hospitali kubwa ni mwendo wa saa sita kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha hakuna anayehesabu saa.

Kazi yangu ya miaka mingi ni kusimamia barabara za vijijini. Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya kukarabati kiwanja nilisimama nikasema njia ya kurukia ndege ni barabara fupi iliyonyooka. Nipeni greda, rola na miezi mitatu. Naiandika kauli hiyo hapa kwa mkono wangu nisije nikaikana.

Leo tumetembea njia yote kwa miguu, watu wanne tumejipanga kwa upana, tukiokota. Kokoto, vipande vya waya, kandambili, skrubu. Rubani aliyejitolea kutushauri alieleza kwamba propela inapozunguka karibu na ardhi huvuta hewa, na kilicholala chini hupanda pamoja na hiyo hewa. Kokoto ndogo kama ncha ya kidole inatosha kubonyeza ukingo wa ubapa. Bonyeo lisiposawazishwa kwa tupa huzaa ufa, na ufa ukikua kipande hukatika kikiwa angani. Tulijaza ndoo tatu.

Wiki ya 2

Wiki ya hesabu, na ya kwanza kuninyamazisha.

Kila ndege ina urefu wake wa rejea: urefu wa njia inaouhitaji ili ipae na uzito wake wa juu kabisa, kwenye usawa wa bahari, kwa nyuzi 15 za Selsiasi, bila upepo, juu ya njia isiyo na mwinamo. Ndege tuliyoichagua kuwa kipimo chetu tumeiwekea mita 700. Tunazo 950. Nikafunga daftari.

Mpima ardhi akalifungua tena. Mwongozo wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unataka tuongeze asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Tupo mita 600 juu ya bahari, kwa hiyo 700 zinakuwa 798. Kisha asilimia 1 kwa kila nyuzijoto moja inayozidi ile ya kawaida ya mwinuko huo. Kwa mita 600 ya kawaida ni nyuzi 11.1, na sisi miezi ya joto tunahesabu 28. Tofauti ni 16.9, na 798 zinapanda hadi 933. Mwisho kuna mwinamo: asilimia 10 kwa kila asilimia 1. Ncha moja ya njia iko juu kuliko nyingine kwa mita 7.6, sawa na asilimia 0.8. Piga tena. Tunahitaji mita 1,008.

Barabara haijali joto. Lori linalopanda kilima saa nane mchana ndilo lile lile la saa kumi na mbili asubuhi. Ndege siyo. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, na wepesi huo unaiibia ndege mara tatu: bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, propela inapata kidogo ya kusukuma, injini inapata kidogo ya kuchomea mafuta. Rubani alisema ndiyo maana yeye huomba wagonjwa wawe tayari alfajiri.

Tungeweza kuacha urefu ulivyo na kuwaambia marubani wapunguze mzigo. Lakini mzigo wenyewe ni mgonjwa, muuguzi na mtungi wa oksijeni. Sijui tungepunguza nini kati ya hivyo. Tumeamua kuongeza mita 60 upande wa kusini-mashariki, ambako kuna malisho matupu.

Mjumbe mmoja aliuliza kama kwa kuwa njia itapita mita 800 basi kiwanja kitahesabiwa namba 2 katika mpangilio wa ICAO wa ukubwa wa viwanja. Hapana, na wengi hujikwaa hapa. Namba hutokana na urefu wa rejea wa ndege, siyo na urefu wa changarawe. Mita 700 ziko chini ya 800, kwa hiyo tunabaki namba 1: upana wa njia mita 18, na ukanda wa usalama mita 30 kila upande kutoka mstari wa kati, bila kisiki wala kichuguu. Mita 18 za kuendeshea na 60 za kuchunga. Vichuguu nilivyohesabu ni kumi na moja.

Wiki ya 3

Mawe yaliyopakwa chokaa kwenye ncha za njia yanasomeka 14 na 32. Mpima ardhi kapima: mwelekeo wa sumaku ni nyuzi 133.6. Namba ya njia hupatikana kwa kugawa nyuzi hizo kwa kumi na kuchukua namba nzima iliyo karibu, hivyo sisi ni 13, na ncha ya pili, iliyogeukia kinyume kwa nyuzi 180, ni 31.

Nilitaka kumlaumu aliyepanga mawe. Hana kosa. Ncha ya sumaku ya dunia inahama, na njia iliyokuwa juu kidogo ya 135 miaka ile sasa imeshuka chini yake bila mtu kuigusa. Hata wakubwa yanawakuta: uwanja wa Stansted karibu na London ulibadilisha namba zake kutoka 05 na 23 kwenda 04 na 22 mwaka 2009 kwa sababu hiyo hiyo.

Tutapanga upya. Safari hii mawe yatazikwa, uso wake ulingane na ardhi, maana gurudumu halitofautishi jiwe la alama na jiwe la bahati mbaya. Kila tarakimu itakuwa na kimo kisichopungua mita 9. Vijana waliodhani watapanga namba kama za mlangoni walicheka, kisha wakatazama rundo la mawe na kuacha kucheka.

Wiki ya 5

Njia imefungwa rasmi. Tumetandika alama mbili kubwa za X nyeupe, moja kila ncha, na taarifa kwa marubani, ambayo wenyewe huiita notamu, imetoka. Alhamisi ndege ndogo ilipita juu, ikazunguka mara moja, ikaenda zake. Ilinikaa moyoni kuliko nilivyotarajia.

Kubwa la wiki ni miti mitatu upande wa kaskazini-magharibi. Kuanzia mita 30 kabla ya kizingiti cha njia, yaani pale sehemu ya kutulia inapoanzia, kuna paa la kufikirika linalopanda kwenda nje kwa asilimia 5, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kulitoboa. Mti mrefu kuliko yote uko mita 230 kutoka kizingiti. Toa 30, zinabaki 200. Asilimia 5 yake ni mita 10. Mti una mita 14.

Njia nyingine ilikuwa kukisogeza kizingiti mita 80 ndani, ili rubani apite juu ya mti bila kuugusa. Ingekuwa rahisi kwetu, tena bila kelele. Lakini mita 80 za kutua zingepotea huku sisi tunatoa jasho kuongeza 60.

Nilikwenda kwa mzee mwenye shamba. Nilimwamkia, tukakaa, nikamchorea paa lile kwenye vumbi kwa kijiti. Akalitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "kwa hiyo hewa iliyo juu ya shamba langu nayo ina mwinamo?" Nikamwambia ndiyo, mzee, hata mimi nimejifunza wiki mbili zilizopita. Amekubali miwili ikatwe kwa fidia waliyoelewana na kamati, na ule mkubwa upunguzwe mita 5. Mti hukua, kwa hiyo nimeandika kwenye kalenda: kupima kila miezi sita, milele.

Wiki ya 7

Katapila limemaliza mita 60 mpya, greda iko nyuma yake. Changarawe ya hapa ni nzuri ikipewa maji yake. Ikikauka haishikani, ikilowa inateleza chini ya rola kama sabuni. Kuna kipimo cha katikati ambacho inashikana kuliko vyote, na tangu Ralph Proctor, mhandisi wa Marekani, alipoeleza jambo hilo mwaka 1933, maabara zote za udongo hulitafuta kwa jaribio lenye jina lake. Dereva wetu wa rola hajui Proctor. Anafinya konzi ya udongo, anaiachia, anaivunja kwa vidole viwili. Ikivunjika vipande viwili safi, anawasha injini. Sampuli tulizopeleka maabara zimempa haki mara tatu kati ya nne.

Mimi wiki hii nimechimba mitaro miwili ya maji, mita mbili kutoka kingo za njia, mizuri, imenyooka. Nimeipiga picha.

Wiki ya 8

Mpima ardhi alirudi na kusimama juu ya mtaro wangu akiwa kimya. Kisha aliuliza: "Ndege ikipata pancha na kuvuta kushoto, itakwenda wapi?"

Barabarani mtaro hukaa pembeni mwa lami na dereva hujua upo. Hapa ule ukanda wa mita 30 kila upande una kazi moja tu, kuipokea ndege iliyopotea njia bila kuivunja miguu. Nilikuwa nimechimba mtego wa urefu wa kilomita nzima, pande zote mbili. Mitaro imefukiwa, imeshindiliwa, na mipya inachimbwa nje ya ukanda. Siku nne za katapila zimepotea. Picha nimeifuta.

Wiki ya 9

Mvua ya kwanza, ya mapema. Saa moja tu, lakini ilisema yote. Kati ya mita ya 410 na ya 470 maji yalituama, bata wawili wakashuka. Dereva wa greda alikuwa amenyoosha sehemu ile kama meza, na meza hailingani na mvua.

Njia inatakiwa kuwa na mgongo: katikati juu, kingo chini, mwinamo usiopungua asilimia 1 wala kuzidi 2 kwa ndege za ukubwa huu. Tumechagua 1.5. Kwenye upana wa mita 18, kila nusu ni mita 9, kwa hiyo katikati panatakiwa kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 13 na nusu. Tulifunga kamba, tukapima kila mita 20. Sehemu ya bata ilikuwa na sentimita 2.

Tumekwangua, tumemwagilia, tumeshindilia upya. Chokaa ya mawe ya namba nayo iliyeyuka na kuchora mito myeupe. Tutatumia rangi.

Wiki ya 11

Hii ndiyo wiki ngumu kuliko zote, na haikuwa na mashine hata moja.

Uzio umefika. Tulipoanza kusimamisha nguzo upande wa mashariki, mama mmoja aliyebeba kuni alisimama mbele ya shimo la nguzo akauliza, bila hasira, apite wapi. Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya miguu iliyokwanguliwa na nyayo mpaka imekuwa ngumu kuliko kazi ya rola langu. Inakatiza kiwanja katikati: upande mmoja nyumba, upande wa pili shule na kisima. Kiwanja kilipokuwa hakitumiki sana, watu walivuka, na kilipotumika walisikiliza mlio kwanza. Mipango yote tuliyochora, na tulichora mingi, haikuwa na mstari wa njia hiyo.

Tuliitisha mkutano pale pale, chini ya kivuli cha kibanda. Nilianza kwa kueleza hatari na nikaona macho yanaondoka. Rubani alinisaidia kwa kueleza jambo moja tu: ndege inayokuja kutua imepunguza nguvu ya injini, kwa hiyo ukiisikia, tayari iko juu yako. Hapo watu walinyamaza. Walikuwa wakitegemea masikio miaka yote.

Pendekezo langu lilikuwa kuizungusha njia ya miguu kupitia ncha ya kaskazini-magharibi. Mama yule yule alisema, "Kaka msimamizi, huko ni mbali kwa mtoto wa darasa la kwanza, na nyie mmekata kivuli chote." Alikuwa sahihi. Tulipima: mzunguko ungeongeza zaidi ya mita 900. Kwa upande wa kusini-mashariki ungekuwa mfupi, ila ndipo tulipoongeza zile mita 60, na ndege hupita chini sana pale.

Tulichokubaliana kimechukua siku tano. Njia mpya ya miguu inazunguka kusini-mashariki, lakini imerudishwa nyuma, chini ya bonde dogo ambako kichwa cha mtu kiko chini kabisa ya lile paa la kufikirika. Tumeilaza vizuri, na kivuko cha mawe kimewekwa mahali penye matope. Ongezeko ni mita 340. Kamati imekubali pia kuvuta bomba kutoka kisimani hadi upande wa nyumba, jambo ambalo halikuwa kwenye mradi kabisa na ambalo naamini litaokoa watu wengi zaidi kuliko uzio. Mtu asipokuwa na haja ya kuvuka hutamlinda kwa waya.

Mbuzi hawakuhudhuria mkutano. Uzio wa kwao una nyaya tatu za ziada chini.

Wiki ya 12

X zimeondolewa. Njia iko wazi mchana tu, kwa urefu wa zamani wa mita 950, kwa sababu zile 60 mpya bado hazijachapishwa popote.

Wiki ya 13

Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unavumaje. Vipimo ni vya Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kile kinachohusu viwanja: urefu usiopungua mita 3.6, kipenyo cha mdomo mkubwa kisichopungua mita 0.9, rangi ionekane kutoka angalau mita 300 juu. Tumechagua mikanda mitano ya chungwa na nyeupe, ile ya mwanzo na ya mwisho ikiwa ya chungwa. Fundi cherehani alipima kitambaa, akaniangalia, akauliza jitu lenyewe lina mguu mmoja tu?

Ile nguzo ya siku ya kwanza ndiyo iliyowahi kuibeba. Ilikuwa karibu mno na kibanda, upepo ukizungukia ukuta soksi inadanganya. Tumeihamishia mahali peupe na kuizungushia duara jeupe la kipenyo cha mita 15, mstari wake upana wa mita 1.2.

Hapo ndipo lilipoibuka swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: njia yenyewe inalingana na upepo? Lengo ni njia itumike angalau asilimia 95 ya muda, na kwa ndege za kundi letu upepo wa ubavuni usizidi kilomita 19 kwa saa. Ukivuma kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa njia, nusu ya nguvu yake ndiyo inayopiga ubavuni, kwa hiyo upepo wa 38 unafikisha 19. Kumbukumbu zinazopendekezwa ni za miaka mitano au zaidi, zikisomwa mara nane kwa siku. Sisi tulitumia za kituo cha hali ya hewa kilicho jirani na bonde letu, pamoja na maelezo ya marubani. Waliochagua mwelekeo huu zamani hawakuwa na karatasi hata moja, na hesabu imewapa ushindi. Nadhani waliwaangalia tai.

Wiki ya 14

Mjumbe mmoja wa kamati bado anataka mnara. Kila kikao, mnara. Nilimpa mfano wa Marekani: viwanja vinavyotumiwa na umma ni zaidi ya 5,000, vyenye mnara ni takriban 500. Kwingine marubani huongozana wenyewe kwa redio, wote kwenye masafa mamoja, kila mmoja akitangaza alipo na anachokusudia. Huzunguka kiwanja kwa mpangilio unaojulikana, kwa kawaida wakikata kushoto, kama mita 300 juu ya ardhi. Aliyeketi kushoto anaona njia dirishani mwake muda wote. Mjumbe alisema ameelewa, ila mnara ungependeza.

Tumeomba masafa. Taa hatuweki kwa sasa. Nimeandika rangi zake kwa atakayenifuata: nyeupe kingoni, kijani kizingitini, nyekundu mwisho wa njia, bluu kwenye njia za kuingilia.

Wiki ya 16

Mafuta na moto kwa pamoja, maana havitenganishwi.

Hatutaweka akiba kubwa. Mapipa machache tu, na yamelazwa ubavu huku vifuniko vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa, mafuta yavifunike kwa ndani. Pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko, joto na baridi ya usiku vikalivuta ndani taratibu. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na kwenye ndege chini ndiko mafuta yanakochukuliwa kwanza.

Aina mbili zitatumika na hazichanganywi kwa namna yoyote. Petroli ya ndege, ile 100LL, imetiwa rangi ya bluu na ni ya injini za pistoni kama za Cessna 172. Jet A-1 haina rangi au ina unjano hafifu wa majani makavu, na ndiyo inayotumiwa na injini ya turbini ya Cessna Caravan. Jaribio la kijana wetu wa stoo: tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka na kuondoka. Jet A-1 huacha duara la mafuta. Nimemwambia hata akiwa na hakika, adondoshe tone.

Kwa zimamoto nimefuata majedwali ya ICAO kama mwongozo, na yana vituko. Kundi la ulinzi huamuliwa kwanza na urefu wa ndege. Caravan ya kawaida ina mita 11.46, iko chini ya 12, hivyo ni kundi la 2: lita 670 za maji kwa povu la kiwango B. Ile iliyorefushwa, 208B, ina mita 12.67 na inaruka hadi kundi la 3: lita 1,200. Mita moja na ushee ya bodi inakaribia kuongeza maji mara mbili. Ipo nafuu: miruko na mituo ya ndege kubwa zaidi isipofika 700 katika miezi mitatu yenye shughuli nyingi, unaruhusiwa kushuka kundi moja. Sisi hatufiki hata robo. Hata hivyo tumenunua tangi la lita 1,200, kwa sababu maji yaliyobaki hayajawahi kumuudhi mtu mbele ya moto.

Wiki ya 18

Nyasi. Nilitaka zikatwe chini kabisa, zing'ae kama uwanja wa mpira. Rubani alinizuia: ndege wa manyoya wanaoruka kwa makundi, ambao ni hatari wakigongana na ndege zetu, hupenda nyasi fupi, huona wadudu na huonana wenyewe. Waingereza kwenye viwanja vyao huziacha sentimita 15 hadi 20. Tumezikata hivyo kwenye ukanda.

Jalala la kijiji liko kilomita mbili kutoka kizingiti cha 13. Miongozo haipendi jalala ndani ya kilomita 13 za kiwanja. Kulihamisha ni mradi mwingine. Kwa sasa taka zinafukiwa kila jioni, na korongo wamepungua.

Wiki ya 19

Nimekosa tarehe. Naandika wazi kwa kuwa kosa ni langu peke yangu.

Taarifa za kudumu za viwanja, kama urefu na namba ya njia, hubadilishwa dunia nzima kwa mzunguko mmoja uitwao AIRAC, kila baada ya siku 28, ili rubani na mtengeneza ramani wawe na ukweli ule ule siku ile ile. Vitabu vinatakiwa kutumwa siku 42 kabla, na mamlaka inahitaji muda wake kabla ya hapo. Fomu zetu zilikuwa tayari mezani, zikisubiri saini moja. Niliipata saini Ijumaa. Mwisho wa kupokea ulikuwa Jumatano.

Siku mbili zimegeuka 28. Mita 60 zipo ardhini, zimeshindiliwa na zina mgongo wake wa sentimita 13 na nusu, lakini kwenye karatasi hazipo, na kwenye anga kisicho kwenye karatasi hakipo.

Wiki ya 23

Tunasubiri. Kiwanja hakisubiri. Vichuguu viwili vimerudi mahali pale pale. Uzio umekatwa sehemu moja, na nyayo zinaonyesha ni mtu aliyechelewa shule. Tumeshona waya na kuongea na walimu. Soksi ya upepo imechanika kwenye mshono wa tatu. Fundi cherehani ameishona tena bila malipo na kuomba aonyeshwe jitu likija.

Kila asubuhi kijana wa stoo anatembea njia yote akiokota. Mita 950 zinazotumika anazikagua kwa makini. Zile 60 anazipita haraka, na sikumkemea, kwa kuwa hakuna anayezitumia isipokuwa mbuzi wa jirani aliyejua siri ya waya wa chini.

Wiki ya 29

Tarehe imefika. Tangu alfajiri kiwanja chetu ni 13 na 31, mita 1,010.

Caravan ya daktari ilitua saa tatu asubuhi. Ilishusha masanduku ya chanjo, ikapakia mama mjamzito aliyekuwa akisubiri tangu jana na muuguzi wake. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Rubani aliitembeza ndege mpaka mwisho kabisa wa zile mita mpya, akaigeuza, magurudumu ya nyuma yakiwa kwenye changarawe ambayo wiki za mwanzo ilikuwa malisho. Iliinuka mapema kuliko nilivyohesabu na kupita juu ya mti wa mzee kwa nafasi nzuri. Watu walikuwa nje ya uzio, wote. Fundi cherehani alikuwa mbele.

Jioni rubani alipiga simu. Mama amefika. Halafu, kwa sauti ile ile, akasema alipoikagua propela aliona bonyeo dogo kwenye ubapa mmoja, jipya, la ukubwa wa punje. Amelisawazisha kwa tupa, ndege ni nzima. Lilitoka wapi, nikamuuliza, ingawa nilikuwa najua.

Kesho saa kumi na mbili: watu wanne, ndoo tatu, mita 60 za mwisho. Nitatembea mwenyewe katikati.